Msalaba Mweupe Wenye Jina Langu

Aibu hii ningeiacha ife yenyewe, lakini watu wa Rwambuzi, mtaa wetu hapa Bunia, hawaiachi. Kila wiki naisikia upya ikiwa imeota mguu mwingine (juzi kwenye foleni ya maji mama mmoja asiyenijua alinisimulia mimi mwenyewe jinsi nilivyofufuka, na kwamba nilinuka udongo), kwa hiyo afadhali niiseme mimi niliyeifanya, kwa mpangilio, kama ninavyosoma habari redioni: nani, wapi, saa ngapi, na kwa nini mwanaume mwenye mke na mtoto alikimbia katikati ya Bunia mchana, mweupe kama kitu kilichofukuliwa, mpaka kwa watu waliokuwa wakimlilia yeye.

Ilianza na karto, yaani boksi. Mfanyabiashara mmoja wa sokoni, mtu wa Butembo, alipokea mzigo kutoka Kampala, na kati ya chaja za simu akakuta karto ndefu yenye picha ya ndege. Ndani kulikuwa na ndege yenyewe, ya kuongozwa kwa telekomande, rimoti yenye vijiti, nyembamba, na mabawa yake yalikuwa marefu kuliko mikono yangu nikiinyoosha. Imetengenezwa kwa ile sponji ngumu nyeupe inayofungia televisheni isivunjike njiani. Puani ina mota ndogo ya umeme na panga la kuzunguka linalojikunja: mota inaipandisha, kisha unaizima, panga linalala ubavuni, na kuanzia hapo ndege inabaki juu kwa hewa tu, bila sauti yoyote. Wateja hawakuitaka. Mimi niliitaka mpaka usingizi ukanitoka, na mwishoni nikaipata kwa kumtengenezea yule bwana tangazo la duka lake.

Wiki ya kwanza nilijifunza kuokota. Ndege ikija kukukabili, kushoto kunakuwa kulia, na kabla kichwa hakijageuza hayo mawili, pua iko ndani ya udongo. Wiki ya pili nilianza kuelewa jambo ambalo karatasi ya ndani ya karto ililieleza kwa picha mbili tu: kwamba hewa inayochemka juu ya ardhi iliyoungua inapanda, na ukiingia ndani yake na kuzunguka taratibu, unapanda nayo. Mwewe wanalijua hilo tangu zamani. Basi wakati wa jua kali, majani ya malisho yakiwa yamechomwa na ardhi imebaki nyeusi, nilikuwa natazama mwewe wanazunguka wapi, nami naipeleka ndege yangu palepale. Tofauti niliiona mapema, nikaiandika kwenye daftari langu (ninaandika kila kitu): mwewe hata akipanda namna gani, baada ya muda anapiga bawa mara moja. Ndege yangu haikupiga.

Lakini siku hizi, katika mji wetu, kitu kinachozunguka juu ya nyumba za watu si mchezo. Watu wamejifunza kukitazama wakiwa tayari kukimbia. Kwa hiyo kabla ya yote nilikwenda kwa shefu wa kartiye, mkuu wa mtaa wetu, na ndege yangu chini ya kwapa.

"Baba Grâce, ile kitu iko na kamera?"

"Hapana, Shefu."

"Iko na masasi?"

"Shefu! Risasi gani? Ni sponji."

Aliibonyeza kwa dole gumba (alama ipo mpaka leo), akafikiri, akasema, "Mi nakupatia mwezi moja. Unarushia kule kwa malisho, mbali na kiwanja ya ndege, mbali na kambi ya jeshi, kule kwa basoda. Na chini ya bawa unaandika jina yako, kubwa, na date ya kuanza na date ya kuisha. Ikianguka fasi yoyote, batu bajue ni ya nani."

Ni agizo la busara, na mimi ni mtu wa kufuata agizo. Tatizo ni mwandiko wangu, ambao hata wenzangu redioni hawausomi. Nikaipeleka kwa Fundi Dieudo, seremala wa avenyu yetu, anayetengeneza milango na vitanda na, kwa kuwa kazi hiyo haikosekani, majeneza. Kila jeneza analitengenezea msalaba wake mweupe, ule unaobebwa mbele ya maiti mpaka kaburini, na kuuandika jina na tarehe kwa brashi na rangi nyeusi. Aliilaza ndege mgongo chini, akachovya brashi, akaandika ANSELME katikati, kisha tarehe moja kushoto na nyingine kulia. Alipomaliza alirudi nyuma hatua mbili, tukasimama wote tunatazama.

"Umeona vile iko?" akaniuliza.

"Naona."

"Nifute?"

"Rangi yako inafutika?"

"Hapana. Hii inakaa hata kwa mvua. Njo kazi yake."

Tukacheka. Nakumbuka tulicheka, kwa sababu baadaye Dieudo alikataa kwamba yeye alicheka.

Wiki ya tatu bawa la kushoto lilivunjika kwenye kichuguu, nikaliunga kwa gundi na utepe mweupe, na utepe ukaifunika tarehe ya kuanza. Niliona. Sikufikiri kitu. Chini ya bawa likabaki jina langu na tarehe moja tu, ile ya kuisha.

Sasa lazima niseme habari za Mjomba Thomas, kwani bila yeye hii ingekuwa hadithi ya ndege iliyopotea. Thomas alikuwa mjomba wa mke wangu, Furaha, ndiye aliyemlea. Miaka miwili iliyopita redio niliyofanyia kazi wakati huo (siyo hii ya sasa) iliniachisha kazi, nami sikumwambia mke wangu. Miezi miwili mizima niliondoka nyumbani kila asubuhi na kinasa sauti begani, nikakaa kwenye ngazi za kanisa, jioni nikarudi na habari za kutunga kuhusu ripoti nilizofanya, mara kule Boga, mara barabara ya Niania. Furaha aliambiwa ukweli sokoni, mbele ya wateja wake wa mboga. Hakunipigia kelele. Alifunga nguo akaenda kwa mjomba wake.

Thomas ndiye aliyetupatanisha. Alitukalisha uani kwake, Furaha akasema maneno yake kwa utulivu: "Nitarudia, Mujomba. Lakini uongo moja tena, hata kidogo, asinifuate tena." Mzee akanigeukia. Alikuwa na jicho moja lenye ukungu, nalo ndilo alilonitazamia. "Umesikia, mukwe? Ukisema tena uongo, mi mwenyewe nitakuya kuambia Furaha. Hata niko wapi."

Nilisema nimesikia.

Mwezi ule wa ruhusa ukikaribia kuisha, Mjomba Thomas alifariki kwa presha. Tulimzika, na matanga yakakaa nyumbani kwake, upande wa pili wa Rwambuzi, shitingi la buluu, turubai, limefungwa juu ya uani, viti vya plastiki, na kiti kimoja cha mbao mbele ya watu wote, kiti chake, picha yake imewekwa juu. Sisi wakwe tulibeba maji, kuni na viti. Sikukwepa hata siku moja. Ilibaki siku ya mwisho, ya kumaliza matanga, ambapo ndugu wote wanakaa pamoja na kila mtu anasema neno lake kabla ya watu kutawanyika. Na mimi nilitarajiwa kueleza jinsi mzee alivyoiokoa ndoa yangu.

Siku hiyo ndiyo ilikuwa tarehe ya kuisha kwa ruhusa yangu.

Nilitoka nje saa nne asubuhi nikatazama juu. Mbingu haikuwa na wingu, na mwewe walikuwa tayari wanapanda. Nikawaza: watu wako mia pale, kiti kimoja kitupu nani atakiona? Nikarudi ndani nikalala, nikajifunika, na Furaha alipoingia kunihimiza nikamwambia, "Malaria, Mama Grâce. Siwezi hata kusimama."

Akaweka mkono kwenye paji la uso wangu. "Lakini hauna moto."

"Iko ndani."

Alinitazama kidogo. Halafu (na hapa ndipo aibu yangu ya kweli ilipo, si pale ninapochekwa) akaenda jikoni, akachemsha chai, akaiweka karibu na kitanda, akaniongezea blanketi la pili, akasema, "Lala. Nitabaambia." Akafunga mlango polepole ili usilie.

Nilihesabu mpaka mia mbili. Nikainuka, nikaacha simu kitandani ili mtu akipiga nionekane nimelala, nikachukua ndege.

Malisho yalikuwa matupu. Kawaida kuna ng'ombe wawili watatu. Siku hiyo hata mmoja. Ardhi nyeusi, jua kichwani, na ukimya ule unaokufanya usikie masikio yako mwenyewe. Kwenye ncha ya telekomande nimefunga uzi mwekundu wa kuonyesha upepo, na uzi ulikuwa unapeperuka kutoka upande wa Rwambuzi kuja kwangu. Nasisitiza jambo hili. Kitu chochote kikinipotea siku hiyo kilipaswa kupeperuka nyuma yangu, porini.

Niliirusha saa sita kasoro. Mota ikapiga, ndege ikapanda, nikaizima, panga likalala. Mwewe watano walikuwa wanazunguka juu ya ardhi iliyoungua. Nikaipeleka kati yao, wakaipisha. Nikaona bawa moja linanyanyuka kama limeguswa na kidole kutoka chini, nikageuza, na ndege ikaanza kupanda. Sijawahi kuiona ikipanda hivyo. Ilikuwa kama inavutwa. Mzunguko mmoja, wa pili, wa kumi, ikawa ndogo, ikawa msalaba mweupe mdogo juu ya buluu, na mimi nacheka peke yangu kama mwendawazimu, nimesahau chai, nimesahau blanketi.

Kisha mwewe wakaondoka. Wote watano kwa pamoja, bila kelele, wakaelekea upande mmoja kama walioitwa. Ndege ikabaki peke yake.

Nikasukuma kijiti ili ishuke. Haikushuka. Nikasukuma kulia, kushoto, nikawasha mota: kimya. Taa ya telekomande ilikuwa ya kijani, betri imejaa. Pale juu msalaba ukazunguka mara moja zaidi, ukanyooka, ukaanza kwenda Rwambuzi. Nikatazama uzi mwekundu. Ulikuwa bado unapeperuka kuja kwangu.

Nilikimbia. Telekomande shingoni, macho juu, nikaruka mtaro, nikapita kwenye uwanja wa mashini ya kusaga ambapo akina mama walikuwa wameanika unga wa muhogo kwenye mikeka, na kwa kuwa mtu hawezi kutazama mbingu na miguu yake kwa wakati mmoja, nikajikwaa nikaanguka kifudifudi, urefu wote, ndani ya unga. Niliinuka nikiwa sina rangi. Mama mmoja alianza kunitukana, akaniangalia usoni, tusi likaishia njiani. Sikuwa na nafasi ya kuomba msamaha. Msalaba ulikuwa unashuka nyuma ya mapaa, na mapaa yale niliyajua.

Yaliyotokea matangani kabla sijafika sikuyaona. Nimeyakusanya kwa watu saba, mmoja mmoja, na wote wanakubaliana hivi. Mama Véro, mjane wa Thomas, alikuwa anawaita watu waseme neno lao. Akafika kwa Furaha. "Na mukwe wetu iko wapi?" Furaha akasimama. "Iko mugonjwa, Mama. Hawezi kusimama." Hapo kivuli cha msalaba kikapita juu ya shitingi. Watu waliokaa chini walikiona kwa ndani, kikiteleza juu ya kitambaa cha buluu kutoka upande wa kuni mpaka kwenye kiti cha marehemu. Kikapita tena. Mara ya tatu watu wakatoka nje kutazama.

"Ni mwewe," mtu akasema.

Mama Véro aliweka mkono juu ya macho. "Mwewe gani? Ile haipigi bawa."

Hakuna aliyekimbia, na wote wanasema hawajui kwa nini. Ndege ilishuka taratibu bila sauti, ikaingia chini ya ukingo wa shitingi kama mtu anayejua mlango, ikagusa ardhi mbele ya kile kiti cha mbao, ikapinduka, ikalala chali. Maandishi juu. Patrick, kaka yake Furaha, mtu wa utani hata makaburini, ndiye aliyeinama kusoma, na wanasema sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Anselme," alisoma. "Na date... dada, ni date ya leo."

Furaha alinipigia simu. Iliita mpaka ikakatika, kitandani, kati ya mablanketi mawili. Akapiga tena.

Mimi nilikuwa avenyu ya nyuma niliposikia. Kazini nimerekodi vilio vingi, naweza kukuambia kwa sikio ni kilio cha mtoto au cha mzee, lakini sijawahi kusikia kilio chenye jina langu. "Anselme weee! Baba Grâce weee!" Sauti ya kwanza ilikuwa ya mke wangu, kisha wengine wakaipokea, na mimi nimesimama kwenye ua wa matete, siwezi kwenda mbele wala kurudi, nikihisi kitu ambacho sikuwa nimekitarajia: kwa muda mfupi niliamini. Nilitazama mikono yangu, ilikuwa myeupe. Nikajaribu kukumbuka kama kweli niliinuka kitandani.

Halafu nikasukuma lango.

Viti vya plastiki vikipinduliwa vyote kwa pamoja vinatoa sauti kama mvua kubwa. Kwa muda wa kuvuta pumzi uani palikuwa patupu: watu kwenye ua wa matete, watu nyuma ya nyumba, Patrick ndani ya choo (hili analikana). Walibaki watatu. Mchungaji, Biblia ameinua mbele ya uso. Mama Véro, ambaye hakunyanyuka kwenye mkeka. Na Furaha.

"Weye uko muzima," Mama Véro akaniuliza, polepole, "ao umekuya kumuchukua nani?"

Furaha alikuwa ananijia. Kutoka chooni Patrick akapiga kelele, "Dada, usimuguse! Angalia kivuli yake kwanza!" Na kila mtu akatazama chini, mimi pia, na kwa kuwa ilikuwa saa sita na jua liko kichwani, sikuwa na kivuli cha kutosha. Mtu akaanza kusali kwa sauti. Furaha akanigusa shavu. Vidole vyake vikarudi vyeupe, akavitazama, akanishika mkono wa kulia kwa nguvu, machozi yakimtoka, akasema neno moja tu: "Umerudia."

Hapo Mchungaji akaelewa kwa namna yake. Akanishika mkono wa kushoto, akauinua juu. "Bwana amemurudisha! Alikuwa amekwenda, na Bwana amemurudisha kwa familia yake!" Aleluya moja kutoka kwenye ua wa matete, kisha nyingi, kisha watu wakaanza kurudi hatua kwa hatua, nyuso zimefunguka, wengine wamepiga magoti. Sijawahi kutazamwa hivyo maishani.

Niliuona mlango huo na upana wake. Nisiseme kitu, au niseme kidogo tu: homa ilipanda, nikaona giza, sijui nimefikaje hapa. Ningekuwa muujiza. Furaha angenishika mkono mpaka uzeeni. Na ndege? Ishara, nani ataiuliza ishara maswali? Nilivuta pumzi, nikasema, "Homa ili..."

Tik.

Pale chini, mbele ya kiti cha Mjomba Thomas, mkia wa ndege ulisogea. Ulikwenda kulia, ukarudi katikati. Tik. Telekomande ilikuwa inaning'inia kifuani mwangu. Mkono wangu mmoja uko kwa Furaha, mwingine uko kwa Mchungaji. Nikainua macho, nikakutana na picha juu ya kiti, na lile jicho lenye ukungu.

"Sikuwa mugonjwa," nikasema.

Mchungaji aliushusha mkono wangu taratibu, kama mtu anayerudisha kitu cha watu.

Nikasema yote. Malisho, ruhusa, brashi ya Dieudo, utepe, unga wa muhogo. Niliyasema mbele ya watu mia, kwa sauti ile ninayosomea habari, kwa sababu sina nyingine, na hiyo iliongeza ubaya. Nilipofika kwenye chai na blanketi la pili, Furaha aliuachia mkono wangu.

Kutoka upande wa choo: "Kwa hiyo siye batu bazima tumelia juu ya sponji?"

Wakacheka. Ee Mungu wangu, walicheka mpaka shitingi likatikisika, wamama waliokuwa wamenilia wakacheka zaidi, mtu akaomba niguswe tena ijulikane kama ni unga wa kweli au wa maduka, mwingine akauliza kama kaburini kuna mashini ya kusaga. Nilisimama nikapokea. Lakini Mama Véro hakucheka, wala Furaha, na hao ndio niliokuwa nawatazama.

"Ile machozi ilikuwa ya Thomas," Mama Véro akasema, na kicheko kikaisha. "Weye umeikula. Matanga haiishi leo. Utakaa hapa siku tatu, utaosha sufuria na bamama, mpaka tumulilie mwenyewe vizuri. Na ile msalaba inabaki kwangu mpaka umalize."

Furaha akapita karibu yangu akielekea jikoni. "Mujomba alisema atakuya mwenyewe," akaniambia, bila kunitazama, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayesema mgeni fulani amefika.

Nilikaa siku tatu. Niliosha sufuria ambazo nadhani ziliongezwa. Bawa linachomoka, kwa hiyo bawa lenyewe lilibaki limeegemezwa kwenye kile kiti, nami jioni ya kwanza, niliporuhusiwa kwenda kulala, nikachukua kiwiliwili nikaenda nacho nyumbani. Nilikifungua mezani ili kuona kilichoharibika. Betri moja inaendesha kila kitu kwenye ndege hii, mota na mkia. Plagi yake ilikuwa imechomoka, vichwa viwili viko mbali kama upana wa vidole vitatu. Naandika kwamba huenda ilichomoka juu angani, ndiyo maana ndege haikunisikia. Naandika pia kwamba kama ilichomoka angani, mkia haukuwa na umeme wa kusogea. Huenda ilichomoka njiani nilipokuwa naibeba. Na upepo wa juu una njia zake, tofauti na uzi mwekundu wa chini, mtu yeyote anayerusha ndege atakuambia hivyo. Nakubali. Mchana huwa nakubali kabisa.

Furaha, aliyebaki kwa Mama Véro, hakurudi nyumbani siku ya tatu, wala ya tano. Sikumfuata, kwa sababu ndivyo alivyosema, na nilikuwa nimeanza kuogopa kuvunja maneno. Siku ya nane nikasikia lango. Alikuwa na mfuko wa nguo na chini ya kwapa lile bawa.

"Nilikuwa nimeamua kubaki," akasema akiwa bado amesimama. "Lakini nilifikiri. Pasta alikufungulia mulango, na batu bote balikuwa tayari kuingia na weye. Haukupita." Akaingia ndani, akatafuta msumari, akalitundika bawa ukutani sebuleni, mbele ya kiti ninachokalia, maandishi yakinitazama. Halafu akaenda kuchemsha chai. Hakuiweka karibu yangu. Aliiweka mezani, katikati.

Kiwiliwili bado ninacho, na Shefu amesema ananiongezea mwezi nikitaka. Sijataka. Nilichoapa si kuacha kurusha ndege. Nimeapa kwamba siku nitakayorusha, watu wote wa nyumbani watajua nimesimama kwenye jani gani.

Wiki tatu baadaye nilipata malaria, ya kweli, ile inayogonganisha meno. Siku hiyohiyo jirani yetu alifiwa. Nilikuwa nimelala sebuleni, Furaha akavaa kitenge chake cha matanga, akasimama mlangoni, akaniuliza kwa upole kabisa, "Leo unasikia namna gani, Baba Grâce?" Nikafungua mdomo niseme malaria. Nikaliona bawa. Nikafunga mdomo, nikainuka, nikavaa koti.

Nilikaa kwenye kiti cha plastiki mpaka jioni, nimejifunga blanketi, natetemeka, na hakuna aliyeniuliza kama naumwa. Kila mwewe aliyepita juu ya shitingi nilimtazama mpaka apige bawa.